Vimondo Juu ya Mwaya

Deusdedit alifika ufukweni Mwaya saa tisa na nusu usiku, nusu saa kabla ya muda waliopatana. Alitoka Bujonde kwa baiskeli ya ofisi, tochi ameifunga kwa mpira kwenye usukani, na njiani alianguka mara mbili kwenye majaruba ya mpunga. Suruali ilikuwa tope mpaka magotini. Mtu mwenye akili zake timamu angerudi nyumbani kubadilisha, lakini Bwana Shamba huyu akili zake alikuwa amezikabidhi kwa binti mmoja mshona nguo tangu mwaka juzi, na hadi usiku huo hakuwa amerudishiwa.

Ilikuwa Novemba 1998, usiku wa kuamkia Jumanne. Redio ilikuwa imetangaza kwamba dunia inapita kwenye vumbi lililoachwa na nyota yenye mkia, na kwamba wiki hiyo vimondo vingeonekana kwa wingi. Watu wa Kyela walisikia, wakaendelea kula wali wao. Deusdedit alishindwa. Alikuwa amesoma seminari kwao Kagera, chini ya padre mmoja mzee mwenye darubini na hasira za karibu, na ingawa upadre ulimshinda, nyota hazikumtoka moyoni. Alipoisikia ile habari alimfikiria mtu mmoja tu.

Alimfuata Ijumaa pale barazani kwa Bi Hanifa, dukani, ambako Tusekile alikuwa akishona kwa cherehani. Alimweleza habari ya vimondo, kisha akashusha sauti akamweleza na lake. Jumapili alikuwa anataka kutuma washenga kwa baba yake. Alichohitaji ni neno lake mwenyewe kwanza, ndiyo au hapana, na alitaka kulisikia wakiwa wawili, wanatazama mbingu. Tusekile aliendelea kukanyaga cherehani muda mrefu bila kuinua uso. Mwisho akasema kwamba alfajiri huwa anakwenda ufukweni kumnunulia mama yake dagaa, basi siku hiyo angetangulia kidogo.

Bi Hanifa, mwanamke wa Kilwa aliyeletwa Kyela na biashara ya marehemu mumewe, alikuwa akipima khanga ndani na masikio yake yako nje. Deusdedit alipokuwa akiondoka, bibi huyo alimwambia kwa upole kwamba kwao vimondo ni vya kupigia mashetani na wala si vya kupelekea wachumba. Halafu akaongeza kuwa mgeni akipenda mahali, aulize kwanza habari za pale alipopendea. Deusdedit alicheka. Alidhani bibi anamtania, maana ndiyo kazi yake bibi yule, kutania watu.

Basi ndivyo alivyokuwa amekaa mchangani usiku ule, ameegemea mtumbwi uliofudikizwa. Ndani ya mfuko wa shati alikuwa na barua ya mama yake. Mwaka mzima na nusu mama huyo alikuwa amekataa katakata. Mara hao watu hatuwajui, mara huko ni mbali, mara wasichana wa huko hata ndizi hawajui kupika. Deusdedit alimjibu kwamba watu wa huku wanakula ndizi kuliko hata wao, na mama akanyamaza miezi mitatu kwa hasira ya kukosa neno. Wiki iliyopita ndipo barua ilipofika. Ilikuwa na mistari minne tu, na wa mwisho ulisema: mlete nimwone.

Aliusikia mchanga ukikanyagwa kabla hajamwona. Tusekile alikuja na beseni kichwani, khanga moja kiunoni na nyingine mabegani, akasimama hatua tatu kutoka kwake.

"Ugonile," alimsalimu kwa lugha ya kwao, yaani umelalaje.

"Sijalala hata kidogo," Deusdedit akajibu, na wote wawili wakacheka kwa sauti ndogo, kama watu walioiba kitu.

Akakaa. Aliacha nafasi ya kukaa mtu wa tatu kati yao, na Deusdedit aliiona ile nafasi, lakini aliihesabu kuwa ni adabu. Tusekile alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye macho yanayochelewa kuondoka pale yalipotua, na hayo macho ndiyo yaliyommaliza Bwana Shamba siku ya kwanza alipopeleka shati lake kutiwa vifungo. Usiku ule macho hayo hayakumtazama. Yalitazama juu, upande wa milima ya Livingstone, ambako vimondo vilikuwa vimeshaanza.

Si vile vya kila siku, ambavyo mtu akimwonyesha mwenzake vimeshazimika. Hivi vilikuwa vikubwa, vinakuja kimoja kimoja kutoka juu ya milima, vinapita juu ya ziwa bila mlio wowote, na nyuma yake vinaacha mstari wa kijani unaokaa angani kama moshi wa sigara kwenye chumba kisicho na upepo. Ziwa lilikuwa limetulia, na kila kilichopita juu kilipita na chini.

Tusekile aliuliza kama hivyo ndivyo ndugu wa lile jiwe kubwa la Mbozi, ambalo walipelekwa kuliona walipokuwa darasa la sita. Deusdedit akamwambia kwamba mawe haya mengi ni madogo mno, mengine hayazidi punje ya mchanga au ya mpunga. Nyota yenye mkia ilipita huko zamani ikajimwagia vumbi lake njiani, ikaenda zake, na sasa dunia ndiyo inayoligonga lile vumbi.

"Kwa hiyo yenyewe haipo tena?"

"Imeshapita. Ipo mbali sana."

"Kumbe tunatazama uchafu wa mtu aliyekwisha kuondoka," alisema Tusekile, na hakucheka.

Deusdedit aliona ndiyo nafasi. Alitoa barua, akawasha tochi akaifunika kwa kiganja ili mwanga usienee, akamsomea mistari yote minne. Alipofika kwenye ule wa mwisho, akaurudia. Alipoinua tochi kidogo aliona machozi yanamtiririka Tusekile mashavuni mpaka kidevuni, wala hayafuti. Moyo wake Deusdedit ulijaa. Mwanamume akipenda, msomaji, hujidanganya kwa raha zote: alidhani ni machozi ya furaha.

"Sasa niambie," akasema. "Jumapili waje?"

Tusekile aligeuka akamtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. Alimtazama usoni pote, paji, macho, mdomo, kama anayesoma kitu ambacho hatapewa tena. Akavuta pumzi.

"Deusi, kuna jambo," alianza.

Hapo mbingu ikawaka. Kimondo kilichotoka juu ya milima kilikuwa kikubwa kuliko vyote, kikawa cheupe, kikawa cha buluu, na kwa muda wa kuvuta pumzi mbili ufukwe wote ulionekana kama mchana: mitumbwi, nyavu kwenye miti, kila kuti la mnazi, na vivuli vyao wawili vikitembea mchangani ilhali wao wamekaa. Kikazimika. Mbwa wakaanza kubweka kijiji kizima. Milango ikafunguliwa, wanawake wakaitana, mtoto akalia, na kutoka upande wa nyumba za juu ikasikika sauti ya mzee mmoja akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti nzito, anauteremsha kuja ziwani.

Alikuwa Mzee Ambilikile. Deusdedit aliitambua sauti hiyo mara moja, maana mzee huyo alikuwa mzee wa kanisa la Moravian na mkulima wake bora wa kakao, mtu ambaye walikuwa wakipanda miche pamoja kila Jumanne. Hakuona sababu ya kuogopa. Alifikiria hata kumwamkia, amweleze kwamba dunia haijafika mwisho.

Alipogeuka kumwambia Tusekile hivyo, Tusekile hakuwepo pembeni yake.

Alikuwa amekwisha kuinuka na kuuacha mtumbwi. Khanga ya mabegani ilikuwa kichwani, imeteremshwa mpaka usoni. Aliondoka pale kwa kuinama, mbio mbio, bila kupiga ukelele, akaingia ziwani mpaka maji yakamfika magotini, na huko kwenye matete akachuchumaa, mgongo ameuelekeza nchi kavu. Beseni lilibaki limeanguka mchangani.

Deusdedit alikuwa amekaa Kyela miaka mitatu, na mambo kama haya alikuwa ameshayaona. Aliwahi kumwona mke wa mtu anatupa jembe na kukimbilia mgombani kwa sababu baba wa mumewe anapita barabarani. Aliwahi kumwona mwingine anazunguka shamba zima chini ya jua kali ili asikutane uso kwa uso na mzee mmoja asiye na neno baya na mtu. Mara ya kwanza aliuliza, wakamweleza. Kwa Wanyakyusa mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Hamtazami, halitaji jina lake, haipiti njia anayopita. Na mwiko huo hausubiri harusi, unaanza siku ng'ombe wa mahari wanapoingia zizini kwa baba wa binti. Hakuna mwanamke wa kule anayejificha hivyo mbele ya mzee mwingine yeyote.

Alisimama pale na barua mkononi, na taratibu, kama mtu anayeamshwa usingizini na maji baridi, akaelewa.

Mzee Ambilikile alikuwa ametokea kwenye mitumbwi na kandili yake. Kimondo kingine kikapita, si kikubwa kama kile, lakini kilitosha. Mzee aliona baiskeli. Aliona beseni. Akaona na kile kitu kilichochuchumaa kwenye matete, na papo hapo akageuka, akaupa mgongo upande huo wote, akashusha kandili chini. Deusdedit alisikia jinsi pumzi inavyompanda na kushuka.

"Bwana Shamba," mzee akasema, uso ameuelekeza milimani.

"Naam, mzee wangu."

"Kuna mtu majini. Mwambie maji ya saa hizi yana baridi, atoke aende nyumbani kwao kabla watu hawajateremka. Mimi ni mwiko kumwona, na sijamwona."

Hakusubiri jibu. Alirudi kwa njia aliyojia, na baada ya hatua chache akauanza tena ule wimbo, kwa sauti kubwa zaidi kuliko mwanzo. Watu waliokuwa wakiteremka wakasimama kumsikiliza. Akawazuia hukohuko juu, akawaambia wapige magoti waombe.

Tusekile alitoka majini akitetemeka. Deusdedit hakumpa mkono, na wala hakujua kwa nini hampi. Alikuwa na maneno mengi kifuani, lakini lililotoka lilikuwa moja.

"Tangu lini?"

"Ulipokuwa kwenye kozi Uyole. Mwezi wa nane."

Alimweleza kwa kifupi, huku meno yanagongana. Mwanaume ni Yohana, mtoto wa pili wa mzee yule, anayeuza mitumba Tunduma. Kijana hana ubaya. Baba yake Tusekile hakutaka kusikia habari ya mgeni, tena Mkatoliki, atakayehamishwa siku yoyote aondoke na binti yake asijulikane alikozikwa. Ng'ombe walipoletwa hakuulizwa mtu. Harusi ilikuwa imepangwa baada ya Krismasi.

"Miezi mitatu, Tusekile. Miezi mitatu nakuja pale barazani kila Ijumaa. Unanitengea kiti."

"Nilikuwa nakutengea kiti."

"Na mdomo ulikuwa wapi?"

"Kila Ijumaa nilisema leo namwambia. Ukifika, nakuona unavyofurahi, nasema basi, wiki ijayo. Hata leo nimekuja kukwambia, Deusi. Ndipo ukatoa barua ya mama yako."

Deusdedit aliikunja ile barua ikawa ndogo kama kidole. Halafu matumaini yakamrudia, maana matumaini hayana haya. Akamshika mikono yote miwili, akaanza kusema haraka haraka. Ng'ombe hurudishwa, si mara ya kwanza duniani. Yeye angekwenda kwa Mzee Ambilikile kwa magoti. Na kama hawataki, Kasumulu ipo hapo mpakani, wavuke mto Songwe asubuhi hii hii wawe Malawi kabla ya chakula cha mchana, na wazee wataitana wenyewe wakishapoa.

"Ng'ombe hawapo," alisema Tusekile.

"Wamekwenda wapi?"

"Kaka Angetile amewapeleka Ipinda, kwa wakwe zake. Amepata mke kwa ng'ombe hao hao. Nyumbani kwetu ni hivyo, dada akiolewa ndiyo kaka naye anaoa. Wifi yangu yupo pale nyumbani, nalala naye chumba kimoja. Ana mimba ya miezi miwili. Ananiita dada." Akaikamua ncha ya khanga. "Mimi nikivuka Songwe, Ipinda watadaiwa, naye atarudishwa kwao na mimba yake. Hajanikosea kitu, Deusi. Nitamwambia nini?"

Deusdedit alimwachia mikono. Alitamani kumtukana mtu, baba yake, kaka yake, Yohana wa Tunduma, lakini mbele yake alimwona msichana mmoja tu asiyemfahamu, wa Ipinda, amelala kwenye mkeka bila habari. Hasira ikakosa pa kukaa.

"Ungekaa kimya," alisema mwishowe, kwa uchungu. "Mzee alikuwa na kandili tu. Ungekaa pale nilipokuwa, ukainamisha kichwa, asingejua ni nani. Kwa nini ulikimbia?"

Tusekile alifikiri. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye khanga.

"Sikuamua," alisema. "Nilisikia sauti yake, miguu ikaondoka yenyewe. Nilipojiona niko majini, ndiyo nikajua kwamba nimeshaolewa."

Hakuna neno lingine ambalo lingemchoma kama hilo. Angemwambia hampendi, angebisha. Angemwambia anamwogopa baba yake, angemtia moyo. Deusdedit alikaa chini palepale, akaweka kichwa kwenye magoti, na mwanaume wa miaka ishirini na tisa akalia mpaka mabega yakatikisika. Tusekile alipiga magoti mbele yake. Alikishika kichwa chake kwa mikono miwili, akaegemeza paji la uso wake kwenye nywele zake, wakakaa hivyo. Juu yao vimondo viliendelea kupita, vikubwa kwa vidogo, na hapakuwa na aliyevitazama.

Mashariki ilipoanza kuwa kijivu, mitumbwi ya dagaa ikaonekana mbali. Tusekile akasimama, akaokota beseni lake, akalipangusa mchanga.

"Usije tena barazani," alisema.

"Sitakuja."

"Ukija, nitakutengea kiti. Ndiyo maana nakwambia usije."

Akaenda zake kando ya maji, kuipokea mitumbwi. Deusdedit alichukua baiskeli akarudi Bujonde. Aliosha suruali, akavaa nyingine, akakaa kitandani akitazama ukuta hadi saa mbili na nusu. Angependa kulala wiki nzima, lakini ilikuwa Jumanne, na Jumanne ndiyo siku yake ya kitalu cha kakao Mwaya. Asipotokea siku hiyo kuliko siku zote, watu wangejiuliza. Akapanda baiskeli akarudi njia ile ile, na safari hii hakuanguka.

Alikuta watu zaidi ya ishirini wamemsubiri kwenye kitalu. Habari ilikuwa moja tu. Wengine walitaka kujua kama moto ule wa angani utaharibu mbegu za mpunga, wengine kama ni dalili ya vita huko ng'ambo. Mzee Ambilikile alikuwa miongoni mwao, amekaa kwenye gogo, fimbo katikati ya miguu. Deusdedit aliwaeleza. Aliwaambia habari ya nyota yenye mkia na vumbi lake, na kwamba hakuna mbegu itakayodhurika. Alieleza vizuri, kama mwalimu.

Mwanaume mmoja, mchuuzi wa samaki mwenye maneno mengi, akainua mkono. Alisema mitumbwi ilipofika alfajiri walikuta mchangani alama za tairi la baiskeli, na alama za watu wawili waliokaa. Baiskeli hapa si nyingi kihivyo. Akatabasamu, akawageukia wenzake, kisha akamgeukia Deusdedit.

"Na wewe Bwana Shamba, unayezijua hivyo nyota, usiku ulikuwa wapi? Ulivitazamia wapi vimondo?"

Watu wakacheka kidogo, wakamtazama. Deusdedit alijua kwamba wakitajwa wawili hapa, kabla ya jioni jina la Tusekile litakuwa limefika Ipinda. Aliinama akachukua mche mmoja wa kakao, akautia kwenye shimo, akaufukia udongo kwa vidole.

"Nilikuwa nimelala," alisema. "Baiskeli ilikuwa ndani."

"Usingizi gani huo? Hata kimoja hukuona?"

"Hata kimoja."

Mchuuzi alitaka kuongeza neno, lakini Mzee Ambilikile aligonga fimbo chini, akasema kwamba Bwana Shamba ameshajibu, na miche inanyauka juani. Watu wakaanza kutawanyika kwenye mistari yao. Mzee akainuka kwa taabu, akaja akachuchumaa upande wa pili wa ule mche, akausogezea udongo kwa mkono wake mkubwa uliokauka.

"Ndaga fijo, mwanangu," alimshukuru kwa sauti ya chini, bila kuinua macho.

Deusdedit aliitikia kwa kichwa. Akauvuta mche mwingine.